Zimwi la sponji kwa filamu fupi ya dakika 12: ngozi, taya, ute, na kiasi cha kulionyesha

KinaChaBwawa

Wakuu, salaam.

Napenda filamu za madubwana ya mpira, zile za bajeti ndogo ambazo zipu ya mgongoni inaonekana na meno yanacheza dubwana likinguruma. Nazipenda kwa moyo wote. Dubwana la namna hiyo lipo kweli mbele ya kamera: linalowa, linagonga kizingiti likipita, na mwigizaji akisukumwa anasukumwa na kitu chenye uzito. Mwaka 1953 Phil Tucker alichukua vazi la gorila, akaweka kofia ya mzamiaji mahali pa kichwa, akapata adui wa *Robot Monster*. Mwaka 1959 *The Killer Shrews* iliwavisha mbwa manyoya ya bandia ili wawe virukanjia wakubwa wala watu. Ujasiri huo ndio ninaoutaka.

Mpango ni huu. Filamu ya dakika 12, usiku mbili za kupiga picha, waigizaji wanne. Dubwana ni la bwawani, mtu ndani ya vazi, urefu wa mvaaji mita 1.75. Linatoka majini, linapanda ngazi ya mbao, linaingiza mkono dirishani, kisha linaonekana lote chumbani. Vifaa: sponji la kujazia makochi la unene wa sentimita 2.5 na la sentimita 1, lita 2 za lateksi (mpira wa majimaji unaopakwa na kukauka kama ngozi), gundi ya viatu, kofia ngumu ya baiskeli, taa mbili za LED, na simu inayopiga fremu 24, 30, 60 na 120 kwa sekunde.

Nataka kujua ngozi ijengwe vipi isipasuke kwenye viwiko na magoti, taya lifunguke vipi bila mota, ute na damu visivyoharibu mpira, na lini dubwana lionekane. Kama kuna kosa kwenye mpango wenyewe, nionyesheni kabla sijashika kisu.

Nawasilisha.

---

FundiSponji

Mkuu, vifaa vinatosha. Kosa la kwanza la wengi ni kukata sponji kwa kukadiria kwa macho. Tengeneza kwanza kiwiliwili cha kufanyia kazi: mvaaji avae fulana kuukuu, mzungushie tepu pana tabaka mbili kuanzia shingoni hadi mapajani, usibane kifua akashindwa kupumua. Kata mgongoni kwa mkasi wa ncha butu, mvue, ziba, jaza magazeti. Sasa una umbo lake halisi, na yeye anaweza kwenda zake wakati wewe unagandisha.

Juu ya umbo hilo vika nguo ya kunyumbuka ya kubana, yenye zipu mgongoni. Nguo hii ndiyo itakayobeba dubwana lote. Misuli ya kifua, mabega na mapaja ikate kwenye sponji la sentimita 2.5; tumbo na mikono kwenye la sentimita 1. Kingo zote zikate kwa mshazari wa digrii 45, la sivyo kila kipande kitaonekana kama mkate uliobandikwa. Tumia wembe mpya na mkato mmoja mrefu. Ukikata kama unayesaga kwa msumeno, sponji linachanika vinyweleo, na vinyweleo hivyo vinaonekana hata baada ya tabaka nne za lateksi.

Viwiko, magoti, kwapa na kinena: acha nafasi ya sentimita 3 hadi 4 bila sponji kabisa. Hapo ngozi iwe nguo iliyopakwa tu. Ukijaza sponji kwenye kiwiko, linajikusanya mvaaji anapokunja mkono, linausukuma mkono unyooke, na dubwana linatembea kama godoro.

Gundi ya viatu ipake pande zote mbili, tabaka jembamba, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa isivute kidole, ndipo ubandike. Inashika papo hapo, hakuna kurekebisha. Muhimu zaidi: kwenye nguo, paka gundi katikati ya kipande tu, kingo ziache huru. Nguo inahitaji kunyumbuka chini ya misuli. Ukigandisha kipande kizima, mvaaji akichuchumaa mara ya kwanza mshono wa kinena unaachia. Na fanya kazi hiyo mahali penye upepo, mbali na moto. Mvuke wa gundi hiyo unashika moto na unalevya.

Ngozi sasa. Hapa ndipo penye raha yote. Chukua karatasi laini ya chooni, itenganishe ibaki tabaka moja, ichane kwa mkono upate vipande vyenye kingo za nyuzinyuzi. Paka lateksi kwenye sponji, weka kipande, kisha kisukume kwa brashi iliyolowa lateksi kutoka pembeni kuja katikati. Karatasi inajikunja na kusimama vilima vidogo. Iache hivyo. Ikianza kukauka, weupe wa maziwa unaondoka na vilima vinakuwa ngozi ya mzee wa majini, yenye mistari isiyofanana, ambayo hakuna kalibu itakayokupa kwa urahisi huo. Shingoni na juu ya nyusi weka karatasi mbili-mbili; mikononi moja inatosha.

Tabaka tatu au nne, na kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Lateksi hukauka kwa kupoteza maji. Ukiimwaga nene, juu inafunga utando, ndani inabaki mbichi, na siku ya kupiga picha inachubuka kama lengelenge. Tabaka la kwanza litanywewa na sponji. Usiongeze juu yake likiwa bichi. Kwa vazi zima lita 2 hazitoshi kwa unene wa namna hii, kwa hiyo zitumie kwa kichwa, mikono, mabega na kifua. Miguu na mgongo wa chini vipe tabaka moja tu, kamera haitafika karibu. Ukimaliza nyunyiza unga wa talki au wanga wa mahindi kabla hujalikunja, maana lateksi kavu hujishika yenyewe kwa yenyewe na kuitenganisha ni kuichana.

Rangi: akriliki peke yake inapasuka kwenye mikunjo. Changanya sehemu 1 ya akriliki na sehemu 3 za lateksi ndipo upake. Kumbuka mchanganyiko ukiwa mbichi unaonekana mweupe-mweupe. Ukikauka unakolea, hivyo jaribu kwenye kipande cha sponji kwanza. Anza na rangi nzito kote, malizia na rangi nyepesi kwa brashi iliyokaribia kukauka, ikigusa vilele vya vilima tu.

Na kabla ya yote hayo, muulize mvaaji kama ana mzio wa mpira. Wapo watu ambao glavu au puto tu linawavimbisha midomo. Mtu wa namna hiyo asiguse vazi hili, hata kwa dakika tano.

---

FundiSponji

Naendelea na kichwa.

Kofia ya baiskeli iwe ndani kabisa, na kamba ya kidevu ifungwe. Bila kofia kichwa cha dubwana kinazunguka huku cha mtu kikibaki palepale, na mtazamaji anaona. Jenga kwa sponji juu ya kofia, jumla usizidi kilo 1.5, kwa sababu shingo itabeba hicho kitu saa nyingi.

Taya lisilo na mota: bawaba mbili, moja kila upande, usawa wa pale taya la mvaaji linapojikunja, yaani mbele kidogo ya tundu la sikio. Kipimo hiki ndicho kinachoamua kila kitu. Bawaba ikikaa chini au mbele mno, mvaaji anafungua mdomo na badala ya taya kushuka, uso mzima wa dubwana unavutwa chini. Taya lenyewe likate kwenye plastiki ngumu nyepesi, mfano ubavu wa dumu, ulivike sponji. Ndani weka kikombe cha kidevu cha kitambaa kinachombana mvaaji sawasawa. Kama kidevu chake kiko sentimita 10 kutoka kwenye bawaba na ncha ya taya la dubwana iko sentimita 20, ncha itasogea mara mbili ya kidevu. Mpira wa nguo wa upana wa sentimita 2, mmoja kila shavu, unarudisha taya juu.

Ukitaka mdomo ubaki wazi bila kumchosha mtu, tumia waya wa breki ya baiskeli pamoja na ala yake, ushuke kwapani hadi kwenye kiganja, na kishikio chake cha breki. Usiupindishe kona kali popote; kila kona unaongeza msuguano, na taya linaanza kushuka kwa kushtuka-shtuka. Mwingine anaweza kuuvuta akiwa nje ya picha.

Macho: mpira wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40, unakaa vizuri kwenye kichwa cha ukubwa huu. Ukate nusu, chora mboni, kisha paka vanishi ya maji inayong'aa, tabaka tatu. Usitumie rangi ya kucha isiyo na rangi, viyeyushio vyake vinakula plastiki na mboni inatiririka. Mvaaji asione kupitia macho hayo. Aone kupitia mdomoni, kwenye wavu mweusi uliofichwa nyuma ya meno.

---

MpigaMbizi_K

Mkuu, kosa kwenye mpango lipo, nalo ni la hatari. Usimwingize mtu bwawani na vazi zima la sponji la kochi.

Piga hesabu. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa 2.5 kina ujazo wa lita 6.25, na karibu ujazo wote huo ni hewa. Likizama, hewa inatoka na maji yanaingia. Vipande vinne vya ukubwa huo vinaweza kubeba maji ya karibu kilo 25. Akiwa ndani ya maji hatausikia uzito huo. Atausikia akishika ngazi na kujivuta juu, usiku, akiona kupitia tundu la mdomo. Na kabla sponji halijalowa shida ni ya kinyume: miguu inaelea, kiwiliwili kinageuka, kichwa kinaenda chini.

Hata *Creature from the Black Lagoon* ya mwaka 1954 iliigawa kazi: Ben Chapman alivaa vazi la nchi kavu, Ricou Browning akaogelea, tena akipewa mrija wa hewa nje ya picha kati ya shoti moja na nyingine. Wewe gawa hivi. Shoti ya kutoka majini mvaaji apige magoti mahali ambapo maji yanamfika kiunoni akisimama, avae kichwa, mabega na mikono tu. Mabega hayo yajengwe kwa sponji ambalo vishimo vyake vya hewa vimezibwa kila kimoja peke yake, kama la mikeka ya mazoezi. Hilo halinywi maji. Msaidizi akae hatua moja kutoka kwake, nje ya fremu, na kichwa kivulike kwa mkono mmoja bila zipu wala kamba ya nyuma. Kofia ikiwa na kamba ya kidevu, iwe na klipu ya kubofya.

Halafu kata kwenda kwenye ngazi: mguu wa dubwana unakanyaga kidato, maji yanachuruzika. Hilo ni vazi kavu ulilolimwagia ndoo moja. Toboa matundu ya sentimita 1 kwenye visigino, viwiko na makalio ili maji yatoke.

Joto pia. Mpira na sponji havipitishi jasho. Dakika 10 hadi 15 ndani, kisha kichwa kinavuliwa, maji ya kunywa, feni. Vazi la kwanza la Godzilla la mwaka 1954 lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, na Haruo Nakajima hakuweza kukaa ndani yake ila kwa dakika chache kila mara. Lako litakuwa jepesi, lakini mtu ndani ni yuleyule. Mkubaliane ishara ya mkono ya "nitoe sasa", na ikitolewa, hakuna anayesema "malizia shoti hii".

---

UteMzito

Nijibu la ute na damu.

Sheria moja kwanza: mafuta ni adui wa lateksi. Mafuta ya kupikia, mafuta mazito ya kupaka mwilini, grisi, vyote vinailainisha mpaka inanata na kunyooka kama tambi. Mtu anapaka mafuta ili dubwana ling'ae, na kabla usiku haujaisha shingo imechanika. Mng'ao upate kwa glisirini: sehemu 1 ya glisirini kwa 3 za maji, kwenye chupa ya kunyunyizia. Maji matupu yanakauka haraka chini ya taa, glisirini inayashikilia.

Ute bora ni wa methiliselulosi, unga mweupe. Gramu 20 kwa lita 1 ni mwanzo mzuri, ingawa unga unatofautiana kwa uzito wa ute unaotoa, hivyo jaribu kikombe kimoja kwanza. Siri yake ni kwamba hauyeyuki kwenye maji ya moto, unayeyuka kwenye ya baridi. Ukiumwaga moja kwa moja kwenye maji baridi, kila bonge linafunga ngozi ya ute nje na unga mkavu unabaki ndani. Utakoroga mpaka asubuhi. Kwa hiyo chemsha theluthi moja ya maji, nyunyiza unga huku ukikoroga mpaka kila chembe ilowe, yaonekane kama maji ya chokaa. Hapo ongeza theluthi mbili zilizobaki, za baridi sana. Unaanza kuuona unakuwa mzito mkononi mwako. Uache usiku mzima mapovu yapande. Kesho yake ukiinua kijiko unashuka uzi mmoja mrefu usiokatika, na uzi huo ndio unaoutaka kwenye meno.

Usipoupata unga huo, pika uji wa wanga wa mahindi, gramu 40 kwa lita, uchuje. Unafaa, ila unaharibika ndani ya siku mbili na uzi wake ni mfupi. Gundi ya kubandikia karatasi za ukutani inafanana sana na ute, lakini nyingi zina dawa ya kuvu. Isikaribie mdomo wala macho ya mtu.

Damu ya binadamu: shira nzito ya sukari, vikombe 2 vya sukari kwa kimoja cha maji, ichemke mpaka iwe angavu, ipoe. Kwa kila lita weka vijiko viwili vikubwa vya rangi nyekundu ya chakula, matone matatu au manne ya bluu, na kijiko kikubwa cha unga wa kakao uliokorogwa kwanza na maji kidogo. Kakao inaifanya isipitishe mwanga. Bila hiyo unapata sharubati. Rangi ya chakula inadoa ngozi na nguo, kwa hiyo nguo za tukio ziwe mbili-mbili.

Damu ya dubwana ifanye ya rangi nyingine, kijani iliyochafuka au nyeupe ya usaha, kwa ute uleule. Mtazamaji ajue ya nani imemwagika. *The Blob* ya mwaka 1958 ilikuwa silikoni iliyotiwa rangi nyekundu, basi, na filamu nzima ikasimama juu ya donge hilo.

---

Kivuli24

Upande wa kamera na mwanga.

Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe, itaona giza na kuliangaza. Kivuli ulichokijenga kinageuka kijivu chenye chengachenga na sponji linaonekana sponji. Funga mwangaza, funga fokasi, funga rangi. Fremu 24, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/48 au 1/50 ya sekunde. Kama taa zako zinapepesa kwenye picha, shata ifuate umeme wa mahali ulipo: 1/50 kwa hezi 50, 1/60 kwa hezi 60.

Taa moja kali nyuma ya dubwana, juu, pembeni kidogo, nje ya fremu. Inachora ukingo wa mabega na kuwasha ute. Ya pili usiielekeze kwake. Igonge ukuta au kitambaa cheupe upande mmoja, hafifu. Mwanga wa mbele, usawa wa kamera, unafuta vilima vyote alivyovieleza FundiSponji. Kisha tochi ndogo karibu na lenzi, iliyofunikwa karatasi mbili, kwa ajili ya nukta moja tu ya mwanga kwenye jicho. Jicho lisilo na nukta ni jicho la mwanasesere.

Fremu 120 usiziguse kwa kiumbe wa ukubwa wa mtu. Piga 30 uzicheze kwa 24. Mwendo unapungua kwa asilimia 20, na mwili unapata uzito bila mtu kugundua. Kanuni ya wanaopiga vitu vidogo vionekane vikubwa ni kuzidisha fremu kwa kipeuo cha pili cha ukubwa: ukitaka mtu aonekane mkubwa mara 4, zidisha kwa 2, yaani fremu 48. Mara 25, zidisha kwa 5, ndiyo 120. Lakini matone ya maji hayadanganyiki, tone linabaki na ukubwa wa tone. Dubwana "kubwa" lisipigwe likichuruzika.

Kuhusu lini lionekane: chelewesha. Dakika ya 2 maji yanatikisika. Dakika ya 4 alama ya unyevu kwenye ngazi. Dakika ya 6 mkono dirishani. Mwili mzima usije kabla ya dakika ya 9, na jumla ya sekunde zake zote isizidi 40. Papa wa mitambo wa *Jaws*, mwaka 1975, alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, wakalazimika kumwonyesha kidogo, mapipa ya njano aliyofungwa nayo yakawa ndiyo papa. Kuficha kuliijenga filamu ile.

---

MtazamajiWaUsiku

Kivuli24, kwenye mwanga nakubaliana na kila neno. Kwenye sekunde 40 sikubaliani, na mfano wa papa haufai hapa. Anayekuja kutazama dubwana la mpira amekuja kuliona. Ukimpa kivuli na ukingo wa bega kwa dakika 12 anahisi ameibiwa. Utamu wa filamu hizi uko pale dubwana linapoingia chumbani zima, mtu na kiumbe kwenye fremu moja, na mtu anamshika.

KinaChaBwawa, weka walau shoti moja pana ya sekunde 5 bila kukata, miguu mpaka kichwa, mwigizaji akiwa ameukamata mkono wake na sponji likibonyea chini ya vidole. Ficha kasoro ndani ya shoti, usilifiche dubwana. Kwenye *It Came from Beneath the Sea*, 1955, pweza wa Ray Harryhausen alikuwa na mikono sita kwa sababu bajeti haikufika minane. Pweza anaonekana, anashika daraja, anavunja. Maji na mpangilio wa mikono ndivyo vinavyoficha miwili isiyokuwepo. Vivyo hivyo zipu yako: mpangie mvaaji njia ambayo mgongo hauigeukii kamera hata mara moja, uichore sakafuni kwa tepu.

Na waigizaji. Wasicheze kana kwamba wanajua vazi ni la sponji. Mmoja akitabasamu kwa jicho tu, dubwana limekufa. Wafanyie mazoezi siku moja nzima na vazi likiwepo, walizoee uzito wake na wapi pa kulishika pasipochanika.

---

SautiYaChini

Hamjagusa sauti, na sauti ndiyo inayomfanya mtu asahau zipu.

Mguno wa dubwana uwe na tabaka tatu. La chini: pumzi ya mtu kupitia bomba la plastiki la urefu wa mita 1, iliyorekodiwa kisha kupunguzwa kasi nusu, inashuka oktavu nzima. Kama programu yako inaruhusu, rekodi kwa kilohezi 96, ili ukipunguza kasi sauti isipoteze makali. La kati: ngozi au turubai kavu ikisuguliwa taratibu. La juu: kitambaa kilicholowa kikikamuliwa karibu na maikrofoni. Tabaka la juu lianze kidogo kabla ya taya kufunguka, la chini lije taya likiwa limeshafika mwisho. Zote zikianza pamoja unapata honi.

Hatua za miguu zirekodi upya zote. Sponji likikanyaga mbao linasema "pf". Tumia tambara zito lililolowa likiangushwa kwenye ubao, uliongezee kishindo cha begi la mchanga.

---

KinaChaBwawa

Wakuu, nashukuru sana. Nimebadilisha tukio la maji kama alivyosema MpigaMbizi_K: kichwa, mabega na mikono tu, magoti, maji ya kiunoni, msaidizi pembeni. Shoti pana ya sekunde 5 inaingia dakika ya 9, kwa mwanga wa Kivuli24.

Mawili yamebaki. Kwenye mchoro pua ya dubwana inatokeza sentimita 18 mbele ya uso wa mvaaji, na nahofia kichwa kitainama mbele. La pili: nataka kulitunza vazi, lisiishie jalalani baada ya usiku mbili.

---

FundiSponji

Kitainama, ndiyo. Usikimbilie kuweka uzito kisogoni, hiyo inaongeza mzigo shingoni. Punguza mbele kwanza: pua iwe ganda tupu. Ichonge kwa sponji, ipake lateksi na karatasi mpaka isimame yenyewe, kisha ikombe kwa ndani mpaka ukuta ubaki sentimita 1. Meno yasiwe ya plasta. Yachonge kwenye sponji gumu la mikeka, yapake vanishi. Matano ya mbele yanayoonekana yape tabaka mbili zaidi. Baada ya hapo, kama bado kinainama, shona mkanda kutoka nyuma ya kofia hadi kwenye mkanda wa kifua ndani ya vazi, wenye mpira wa kuvuta. Kichwa kitageuka kulia na kushoto vizuri ila hakitadondoka mbele.

Kulitunza: osha shira na ute kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo usiku uleule, maana sukari ikikauka inang'oa rangi. Likamue kwa kubonyeza, usilisokote. Likauke kivulini likiwa limevikwa kile kiwiliwili cha tepu, feni ikipuliza ndani. Sponji hukauka nje siku mbili kabla ya ndani, kwa hiyo ingiza kidole kwenye tundu la kisigino uhakikishe. Nyunyiza talki nje na ndani. Kichwa kijaze karatasi nyeupe zisizo na wino, taya likiwa limefungwa, na uilegeze mipira ya mashavuni isichoke. Kaa mbali na jua, na vitu vya shaba visiguse lateksi, kwa kuwa shaba huiozesha. Kama zipu yako ni ya shaba, ibadilishe kwa ya plastiki sasa hivi kabla hujapaka tabaka la kwanza.